Kila Mtu Ana Fani, Mimi Nina Fomu

Jamani, yeyote anayedhani kwamba wanaogeuza mabasi kuwa nyumba ni watu wasio na kazi, wanaoamka saa nne na kunywa kahawa wakitazama bahari, namwomba aje uwanjani kwetu Jumamosi moja tu. Simtozi kitu. Nitampa miwani, glavu na grinda, nimwoneshe ribiti za dari, kisha nimwache. Mabati ya ndani ya basi yameshikiliwa na ribiti kibao, na kila moja inataka kung'olewa peke yake kwa heshima zake. Habari za bahari tutaongea jioni, kama bado atakuwa anaweza kuinua mkono.

Kwanza hao wasio na kazi wako wapi? Hapa tulipoegesha kuna muuguzi, mwalimu mstaafu, mchomeleaji, seremala, kijana wa kompyuta, dada mshonaji na mzee aliyeendesha malori hadi akastaafu. Wenye ajira wanakwenda kazini, wanarudi, wanavaa ovaroli na kuanza kazi ya pili, ambayo ndiyo ngumu. Wastaafu nao wamegundua kwamba hawajastaafu. Na mimi nimo: karani wa bima. Cheka umalize, nakusubiri.

Kinachoniudhi ni kwamba fani ya kila mmoja wao ikiingia ndani ya basi inapata pa kukaa. Huyu anajenga fremu, yule anashona mapazia, mwingine anapima nguvu za betri. Mimi naingia na nini? Kalamu? Sijawahi kuona basi lililokwama kwenye tope likavutwa kwa kifungu cha nne, kifungu kidogo cha pili.

Mtazame mchomeleaji. Asubuhi hajanawa uso, foleni imeshajipanga mlangoni. "Kaka, una dakika mbili?" Kwenye basi hakuna kazi ya dakika mbili, lakini kila mtu anakuja na hizo hizo mbili. Mmoja kaleta bawaba. Mwingine kafunua plaiwudi ya sakafu akakuta kutu imetoboa shimo la kupitisha mguu. Wa tatu anataka kunyanyua paa. Ndiyo, paa! Watu warefu hukata nguzo zote za basi usawa wa madirisha, wakalipandisha paa kwa majeki, kisha wakaunga vyuma vya kujaza pengo. Huyu wetu alisubiri mpaka paa liko hewani, linayumba, ndipo akaja kuuliza kama fundi ana nafasi wiki hii. Basi la mchomeleaji mwenyewe halina hata ngazi. Anapanda kwa kukanyaga kreti la soda.

Halafu mzee wa malori akapita, akalitazama lile paa jipya, akauliza swali moja tu: "Sasa hivi lina urefu gani kutoka chini?" Kimya. Mwenye basi alikuwa amepima kila kitu, hadi upana wa droo ya soksi, ila hicho hakukipima. Mzee akatoa futi yake, akapima mwenyewe, akaandika namba kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu ya dashibodi, mbele ya macho ya dereva. "Daraja halina huruma, mwanangu," akasema, akaenda zake. Mzee huyu habari za jikoni na mapazia hazimhusu. Yeye anauliza tangi la maji umelifunga wapi, maana lita 400 ni kilo 400, na ukiziweka zote upande mmoja nyuma ya magurudumu, kwenye kona utajua kwa nini alikuuliza. Anauliza upepo wa breki unakaa muda gani baada ya kuzima injini. Nilipomwambia sijui, alinitazama kwa masikitiko ambayo hata bosi wangu hajawahi kunionesha.

Seremala alikuja hapa kifua mbele. Maisha yake yote amejenga makabati ya majumba ya watu, basi lingemshinda nini? Siku ya kwanza akatoa pima maji, akailaza sakafuni, akaitazama. Akaihamisha. Akaitazama tena. Basi limeegeshwa kwenye mteremko kidogo, kwa hiyo kilicho wima hakionekani wima, na ukuta wenyewe unaanza kujikunja ukipita dirisha kwenda darini. Hakuna pembe mraba hata moja ya kusingizia. Ikabidi achane maboksi, achore mkunjo wa ukuta kipande kwa kipande, ndipo aguse mbao. Kazi ilitoka nzuri, siwezi kudanganya. Kisha basi likasogezwa kidogo kupisha gari la maji, na kwenye kona ya kwanza milango yote ya makabati ikafunguka kwa mpigo, sufuria zikatangulia kushuka. Nyumba alizozoea hazikati kona. Sasa ameweka komeo kila mahali, na mke wake analalamika kwamba kupata kijiko cha chai ni kazi ya mikono miwili.

Kijana wa kompyuta ndiye tunayeambiwa anaishi ndoto, eti anafanya kazi popote. Popote gani? Paneli za sola zinataka jua kali. Yeye mwenyewe anataka kivuli, maana basi ni bati. Kisahani cha intaneti ya setilaiti kinataka anga wazi, bila tawi. Ukijumlisha yote hayo, "popote" yake inabaki sehemu moja tu hapa uwanjani, nayo ndiyo niliyokuwa nimeegesha mimi. Nilihama kwa utu tu. Ana betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100, inayotosha kompyuta yake usiku na mchana. Dada mshonaji akaomba umeme kidogo apige pasi mapazia. Kidogo! Pasi ya wati 1,500 kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 120, na betri yenyewe imewekewa kikomo cha kutoa ampea 100. Ikajizima papo hapo. Kijana alikuwa katikati ya mkutano, anamweleza bosi wake kwamba kwake mambo yote ni imara. Mpaka leo yeye na mshonaji wanasalimiana kwa nyusi.

Kwa muuguzi sina la kusema, ila nitalisema. Zamu zake ni za usiku, analala mchana, na mchana ndio sisi tunasaga vyuma. Kuta zake amezijaza povu la kuzuia joto na kelele kuliko mtu yeyote hapa, na bado haitoshi. Mlangoni amebandika tangazo: NIMELALA. UKIKATWA KIDOLE, GONGA. KAMA KIDOLE BADO KIPO, USIGONGE. Wiki ile ile tuligonga. Kidole kilikuwepo, lakini kilikuwa kinavuja sana. Akakishona akiwa amefumba jicho moja, akarudi kulala bila kuuliza jina la mgonjwa. Yeye hamu yake ni kufanya kama wauguzi wa kuzunguka wa Marekani, ambao mikataba yao mara nyingi ni ya wiki 13: unamaliza hospitali moja, unawasha injini, unakwenda nyingine, na kitanda unacho mgongoni.

Sasa ukitamka neno Marekani mbele ya mwalimu mstaafu, umejitakia. Huyu bwana haachi jambo lipite bila kulitajia mwaka wake. Atakwambia rangi ya njano ya mabasi ya shule kule ilipangwa mwaka 1939, kwenye mkutano ulioitishwa na Frank Cyr wa Chuo Kikuu cha Columbia, na kwamba majimbo mengi yanakulazimisha uibadilishe ukilinunua basi kwa matumizi yako. Atakwambia Ina May Gaskin, mkunga anayejulikana dunia nzima, alianzia ukunga ndani ya mabasi. Alikuwa amesomea Kiingereza na kuwahi kufundisha. Kati ya 1970 na 1971 akawa kwenye msafara wa mabasi uliotoka San Francisco, wanawake wakawa wanajifungua humo humo njiani, na mtu wa kuwashika mkono akawa yeye. Mwishowe wakaweka makazi Tennessee. Hapo muuguzi, kama yuko macho, huitikia kwa kichwa.

Lakini hadithi ya mwalimu iliyonikera ni ile ya Ken Kesey. Mwaka 1964 mwandishi huyo na wenzake walitoka California hadi New York kwa basi la shule la International Harvester, toleo la 1939, walilolipaka rangi zote zilizokuwepo dukani na kuliita Furthur. Wote wanasifiwa. Dereva wao Neal Cassady anasifiwa, na kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa kazi kabisa. Sasa sikiliza: basi lile walilinunua tayari lina vitanda. Aliyewauzia alikuwa amelitengeneza mwenyewe ili asafiri na watoto wake wengi. Yaani kuna baba mmoja aliyeng'oa viti, akapima, akakata mbao, akagombana na mkewe, akaweka vitanda, halafu vijana wakaja na brashi wakaingia kwenye historia. Mimi nipo upande wa yule baba.

Kwa sababu nimeng'oa viti. Bolti za viti vya basi zinapita sakafuni hadi uvunguni, na nati ziko huko chini, zimevaa kutu. Mmoja lazima alale chini ya basi ashike nati kwa spana, mwingine awe ndani afungue. Mwenye kulala chini ni mimi. Kutu inakudondokea machoni, huoni kitu, na juu yako kuna sauti ya mke wako.

"Umeshika?"

"Nimeshika!"

"Mbona inazunguka?"

"Unafungua ya wapi?"

"Ya mbele!"

"Mbele ya kiti au mbele ya basi?"

"Mbele, baba watoto! Mbele ni mbele!"

"Mimi nimelala kichwa kiko nyuma!"

"Sasa hilo ni kosa la nani?"

Kiti kimoja kilimaliza mchana mzima na sehemu kubwa ya maelewano yetu. Majirani walikuwa wameacha kazi zao, wamekaa juu ya matairi wanasikiliza. Mzee wa malori ndiye aliyeinama uvunguni akaniangalia. "Mwanangu, kata," akasema. Tukakata vichwa vya bolti kwa grinda kutoka juu. Viti vilivyobaki vikatoka kabla ya magharibi. Kwa nini hakusema asubuhi? "Mlikuwa mnaongea," akajibu.

Ila kutu, kelele na ndoa, vyote hivyo ni cha mtoto. Ngoja ufike kwenye bima. Ofisi ninayofanyia kazi ilinikatalia kwa barua nzuri sana. Naujua uzuri wake kwa sababu niliichapa mwenyewe. Sababu nazielewa, na hilo ndilo linaloniumiza: kampuni nyingi zinaogopa basi lililogeuzwa na mwenyewe, hazijui nani kafunga waya na nani kaunga bomba la gesi. Kampuni ya pili wakaniletea fomu. Aina ya chombo: basi la abiria, lori, gari binafsi. Nikaandika basi. Abiria wangapi? Nikaandika wawili, na ugomvi. Wakanipigia. "Mzee, kama ni basi, mbona halina viti?" Nikasema limekuwa makazi. "Kama ni makazi, liko kiwanja namba ngapi?" Nikasema lina magurudumu sita, kiwanja chake ni popote lilipozimwa. Dada wa upande wa pili akashusha pumzi. Naijua ile pumzi. Huwa naishusha mimi, saa tisa alasiri, kwa watu kama mimi.

Sasa basi, mimi naijua lugha yao. Nikapiga picha kitanda kilichofungwa sakafuni, jiko, tangi la maji, choo. Nikaambatanisha hati ya fundi umeme mwenye leseni, mchoro wa waya, cheti cha gesi, risiti zote kwa tarehe, uzito wa basi kwenye mzani, na barua ya maelezo yenye vichwa vidogo. Vichwa vidogo vinawalainisha sana watu wa bima, sijui kwa nini. Ikapita.

Habari uwanjani haifichiki. Asubuhi nafungua mlango, nakuta mchomeleaji amesimama na bahasha ya kaki mkononi, imejaa mafuta ya mashine. Nyuma yake kijana wa kompyuta. Nyuma yake seremala, kashika fomu juu chini.

"Kaka," mchomeleaji akaanza, anatazama pembeni, "una dakika mbili?"

Nilimwambia akae. Nikamwomba risiti, hana. Picha, hana. Cheti cha gesi akasema kiko njiani, nami najua hakuna njia wala hakuna cheti. Fomu yake ina kurasa tisa na viambatisho. Tumeelewana hivi: ngazi ya nyuma ya basi langu iishe leo, fremu ya betri iishe kesho, na ukurasa wa tano, ule wa historia ya ajali, nitaugusa nikishaona bampa.