Ukipanda Munnar, zitazame na zile nyumba za safu

Wengi wa watu wetu wa Mombasa wanaofika Kochi, kusini mwa India, hawaendi kutalii. Wanaenda hospitali. Mimi pia nilifika kwa njia hiyo, nikimsindikiza mama mdogo aliyekwenda kufanyiwa upasuaji wa goti. Alipoanza kutembea na mkongojo mwenyewe ndiye aliyenifukuza. "Nenda ukatembee, mwanangu. Hapa kazi yako ni kunihesabia vidonge tu." Nikapanda basi la serikali ya jimbo la Kerala, lile jekundu, nikaelekea Munnar, mji wa milimani wenye mashamba ya chai.

Ni kama kilomita 130, ila usizipime kwa barabara ya Mombasa kwenda Voi. Ukishavuka daraja la Neriamangalam njia inaanza kujikunja ndani ya msitu, na safari inakula saa nne au zaidi. Maporomoko ya Cheeyappara yanamwagika kando kabisa ya lami. Dereva wetu alipunguza mwendo tu, hakusimama. Kilichonitoa macho mimi ni iliki. Pwani tunaijua ikiwa kavu, ndani ya chupa ya jikoni, na siku hizi tunaijua zaidi kwa bei. Huko imejaa chini ya kivuli cha miti mikubwa, jamaa wa tangawizi asiyejificha, majani marefu yanayoinama, na punje zake hutokea chini karibu na udongo. Abiria wenzangu hawakugeuza hata shingo.

Ukipita mita 1,500 hivi, chai inachukua kila kitu. Sitajaribu kuueleza uzuri wake kwa urefu, picha zimejaa kila mahali na hazidanganyi: mlima baada ya mlima, kijani kilichokatwa sawasawa, ukungu unaingia na kutoka, baridi ya kutaka sweta. Ila watu husema wameenda kuona maumbile, na hapo ndipo ninapokataa. Mchai ukiachwa unakuwa mti, tena mrefu kuliko nyumba. Unakaa usawa wa kiuno kwa sababu kuna mtu anaukata, mwaka nenda mwaka rudi. Hata miti ya kivuli iliyosimama katikati ya chai ni mgrevilea, uleule unaouona Kericho na Murang'a, na asili yake ni Australia. Kabla ya chai milima hii ilikuwa nyasi na misitu ya mabondeni.

Wala kufanana na Kericho si bahati. Kampuni ya James Finlay ya Scotland, iliyoshika milima ya Munnar enzi za Waingereza, ndiyo hiyohiyo iliyokuja kupanda chai Kericho miaka ya 1920. Sisi Mombasa hatulimi chai, tunaiuza: mnada wetu ni miongoni mwa minada mikubwa ya chai duniani, na malori yanayoshuka kutoka bara tunayafahamu kwa foleni zake. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akisimama Munnar anatazama jambo linalomhusu zaidi ya mtalii wa kawaida.

Wanaochuma ni wanawake wengi, Watamil ambao wazee wao waliletwa kutoka upande wa pili wa milima. Hutumia mkasi mkubwa wenye kikasha ubavuni. Jani likikatwa linaingia humo, kikijaa wanalimwaga kwenye mfuko wa mgongoni, mlima ukiwa umesimama wima. Wanalala kwenye nyumba za kampuni zilizopangwa safu, chumba kimepakana na chumba, na ukiwa barabarani unaziona vizuri kabisa kule bondeni. Niliwaona wageni wakisogeza simu zao ili zisiingie kwenye picha.

Mwezi Septemba 2015 wanawake hawa walifanya jambo ambalo kwangu linapita mandhari yote ya Munnar. Bonasi yao ilikuwa imeshushwa kutoka asilimia 20 hadi 10. Wakashuka kwa maelfu, wakakaa barabarani katikati ya mji. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, karibu wote wanaume, walipokuja kuwasemea walifukuzwa. Siku tisa. Wakapata asilimia 20 yao. Ujira wa siku, uliokuwa rupia 232, waliutaka uwe 500. Huo ukaja kuishia 301. Na ladha chungu ya kisa hiki ni kwamba tangu 2005 kampuni inayoendesha mashamba hayo inahesabiwa kuwa ya wafanyakazi, kwani wao ndio wenye sehemu kubwa ya hisa. Wakulima wetu wadogo wanaopigania bonasi ya chai kila mwaka watauelewa mchezo huu bila kufafanuliwa.

Kisha kuna Pettimudi, makazi ya wachumaji kwenye milima hiyohiyo. Usiku wa tarehe 6 Agosti 2020, mvua ikiwa imenyesha mfululizo, mlima uliporomoka juu ya nyumba hizo za safu. Watu 70 walikufa, wachumaji na jamaa zao, wengi wakiwa wamelala.

Siku ya pili nilikwenda Eravikulam, hifadhi ya mbuzi mwitu wa Nilgiri, chini ya Anamudi, mlima wenye mita 2,695. Nasema bila kusita kwamba pale wamepanga vizuri. Gari lako unaliacha chini, unapandishwa kwa basi la idara ya misitu, unatembea kipande cha njia ulichoruhusiwa, unashuka. Mbuzi wanapozaa, hifadhi hufungwa, na hakuna hoteli inayoweza kulalamika ikasikilizwa. Hata ua la kurinji, linalochanua mara moja kila miaka 12 na kuifanya milima kuwa ya buluu, lina ulinzi wake. Lilichanua 2018 na linangojewa tena 2030. Nikawa najiuliza, wale mbuzi wamemshinda nini mama mwenye mkasi? Yeye amefungiwa mlima upi mvua kubwa zinapokaribia? Mji wenyewe umejaa hoteli zilizong'ang'ania miteremko, jipu za kukodi zinapiga honi tangu alfajiri, na wikendi foleni yake inashinda ya Likoni. Pesa za mandhari zinaishia huko. Anayeyatengeneza hayo mandhari analipwa kwa jani, na mandhari hayapimwi kwenye mzani.

Simwambii mtu asiende. Nenda, tena katikati ya wiki, Juni hadi Agosti uikwepe kwa sababu ya mvua, na chai ya vibandani barabarani ni nzuri kuliko ya hotelini. Ninachokataa ni hili wazo la kwetu, ninalolisikia kila mara, kwamba Kericho, Nandi au Limuru wangejifunza kwa Munnar wangetajirika kwa watalii. Wajifunze kipi? Foleni? Hoteli za kuning'inia? Wachukue utaratibu wa Eravikulam, mengine wayaache hukohuko.

Kericho ina kidonda chake tayari. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma chai kwa sababu mashine moja inafanya kazi ya watu wengi, na waliokaa nyumbani wengi ni wanawake. Utalii wa chai ukija juu ya kidonda hicho utakuwa wa kuwapigisha wageni picha shambani palipofukuzwa watu. Kama kaunti ingenialika kutoa maoni, ningeomba waongozaji wa wageni watoke miongoni mwa wanawake hao waliopoteza kazi. Wanakijua kila kichaka, wanajua mvua ya mawe huja na wingu gani, na wanajua kilo moja ya jani ililipwa shilingi ngapi. Mgeni alipe kiingilio, na kwenye risiti iandikwe waziwazi ngapi zimekwenda kwa kampuni, ngapi kwa kaunti na ngapi kwa mama aliyemtembeza.