Jiji kubwa au mji mdogo: wapi kuna hatari zaidi ya kuuawa au kuporwa?

Mzazi aliyeko Mwanza au Mombasa akisikia mwanawe amepata chuo Chicago, jambo la kwanza kumjia ni bunduki. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2017 Chicago ilirekodi mauaji 653, zaidi ya mara mbili ya New York iliyokuwa na 292. St. Louis, mji ambao huku hautajwi sana, ilikuwa na 205 tu.

Gawa sasa kwa idadi ya wakazi. St. Louis ilikuwa na watu kama 310,000, kwa hiyo ni mauaji 66 kwa kila watu 100,000. Chicago yenye milioni 2.7 inapata 24. New York yenye milioni 8.6 inapata 3.4, chini ya wastani wa Marekani nzima, ambao mwaka huo ulikuwa 5.3. Jiji kubwa kuliko yote ndilo linalotoka salama kuliko yote matatu.

Wanaosema ukubwa wa jiji si tatizo hupenda kuishia hapo. Wanaharakisha. St. Louis ilijitenga na kaunti yake mwaka 1876, na mipaka yake haijasogea tangu hapo, wakati eneo lote linalouzunguka mji lina watu wapatao milioni 2.8. Vitongoji tulivu viko nje ya hesabu. Jacksonville, Florida, iliunganishwa na kaunti yake mwaka 1968, kwa hiyo vitongoji vyake vimo ndani na vinashusha kiwango. Ukiweka miji hiyo miwili kwenye jedwali moja, unapima kiini cha mji mmoja dhidi ya mji mzima wa pili.

Hata ndani ya jiji moja, wastani unaficha mengi. Mtafiti David Weisburd alionyesha mwaka 2015 kwamba katika majiji makubwa aliyoyachunguza, nusu ya uhalifu ilitokea kwenye asilimia 4 hadi 6 tu ya vipande vya mitaa. Katika miji midogo ilikuwa asilimia 2 hadi 3.5. Ndiyo maana West Garfield Park, mtaa wenye mauaji mengi, na Edison Park, mtaa mtulivu, zote ni Chicago, lakini mzazi anayeuliza kuhusu usalama anapaswa kupewa majibu mawili tofauti kabisa.

Upande wa pili nao una hoja nzito, hasa ukitoka kwenye mauaji. Marekani hufanya utafiti wa kaya, ambapo watu wa miaka 12 na kuendelea huulizwa kama walishambuliwa, waliporwa au walibakwa, hata kama hawakwenda polisi. Mwaka 2021 matukio ya namna hiyo yalikuwa 24.5 kwa kila watu 1,000 mijini, 16.5 kwenye vitongoji na 11.1 vijijini. Pengo hilo si dogo. Uporaji hasa ni uhalifu wa jiji: mporaji anataka watu wengi wenye simu na fedha, wasiomjua sura, na njia nyingi za kupotelea. Katika mji ambao kila mtu anajulikana ni mtoto wa nani, kazi hiyo ni ngumu. Ugomvi wa wanaofahamiana hauhitaji msongamano, na unaua popote.

Mji mdogo una shida yake ya hesabu. Chukua mji wa watu 5,000. Mwaka usio na mauaji, kiwango ni sifuri. Akiuawa mtu mmoja, kinaruka hadi 20 kwa kila watu 100,000. Wakiuawa wawili, ni 40, na gazeti litauita mji wa damu. Dawa ni kujumlisha miaka mitano, kisha kugawa kwa idadi ya watu mara tano. Mauaji manne katika miaka mitano yanatoa 16 kwa 100,000. Lakini kwa idadi ndogo kiasi hicho, bahati peke yake inaweza kukutoa kwenye 4 hadi kwenye 41. Anayetangaza kwamba mji huo ni hatari kuliko Dar es Salaam au Nairobi kwa namba hizo anapotosha watu.

Angalia pia nani amehesabiwa wapi. Mtu analala Kibaha, sensa imemwandika Mkoa wa Pwani, lakini akiporwa Kariakoo tukio linaingia Ilala. Kila jiji lenye wafanyakazi wanaoingia asubuhi na kutoka jioni hubeba matukio ya watu ambao hawamo kwenye idadi ya wakazi inayotumika kugawa. Na usisahau kuuliza kama takwimu zimekamilika: Januari 2021 FBI, shirika la upelelezi la Marekani linalokusanya takwimu za polisi, ilihamia mfumo mpya wa kuripoti, na polisi wa New York na Los Angeles hawakuwa tayari, kwa hiyo jedwali la mwaka huo lina mashimo kwenye majiji yenyewe yanayobishaniwa.

Linalonisumbua zaidi ni kipigo kisichofika kituoni. Tanzania, kwa kawaida aliyejeruhiwa hupitia polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ndipo aende hospitali. Kenya kesi hutaka fomu ya polisi iitwayo P3, iliyojazwa na daktari. Kituo kikiwa mbali, nauli haipo, na aliyepiga ni mume au mjomba, wazee huitwa, faini hulipwa, jambo linamalizwa nyumbani. Mjini nako wengi hunyamaza, lakini walau kituo, hospitali na mashirika ya msaada wa sheria viko karibu zaidi. Hivyo mji mdogo wenye majalada machache ya kujeruhi unaweza kuwa mtulivu kweli, au unaweza kuwa mahali ambapo mwanamke hupigwa miaka mingi na jina lake huingia kwenye takwimu kwa mara ya kwanza akiwa maiti. Ukikuta mauaji ya majumbani ni mengi na kesi za kujeruhi ni chache mno, anza kushuku daftari la kituo kabla ya kuusifu mji.