Yuko Salama, Anachapa Kazi

Jamani, mimi nikikosekana kazini siku moja, moja tu, dunia inasimama. Na si kwamba kazi yangu ni ya maana. Nagonga mihuri kwenye fomu ambazo mwenzangu wa dirisha la pili anazigonga tena, kwa sababu haniamini.

Juzi tumbo lilinigomea. Alfajiri nikatuma ujumbe kwa adabu zote: "Shikamoo bosi, leo siwezi kufika, tumbo." Majibu yakaja kama mvua. Tumbo limefanya nini? Limeanza lini? Ulikula nini? Mbona jana ulikuwa unacheka? Ukirudi njoo na cheti cha daktari chenye mhuri, tarehe na sahihi inayosomeka. Sahihi inayosomeka! Daktari wa namna hiyo amezaliwa wapi?

Siku hiyohiyo, nimejikunja kwenye kochi kama jongoo aliyeguswa, nasikia kwenye taarifa ya habari kuna rais haonekani hii wiki ya tatu. Msemaji wake kasimama, tai imenyooka: "Mheshimiwa yuko salama, anachapa kazi." Akakunja karatasi, akaondoka. Cheti hana, mhuri hana, na hakuna aliyemuuliza mkubwa alikula nini.

Kuanzia dakika ile kundi la ukoo kwenye simu likageuka zahanati. Mjomba, fundi redio mstaafu, akawa daktari bingwa wa moyo. Shemeji akachukua kitengo cha ubongo. Binamu ambaye mwaka mzima hajanisalimia akatupa sauti ya dakika saba, "nimetumiwa na mtu aliye karibu sana." Karibu na nini, hasemi. Ukisikiliza ni mtu ananong'ona kuhusu mashine ya kupumulia, na nyuma yake jogoo anawika. Eti afisa wa ikulu. Ikulu gani hiyo inafuga kuku chini ya dirisha la wagonjwa?

Jioni wakubwa wakatoa picha: kiongozi yuko mezani, anasaini karatasi. Walidhani wamemaliza. Hawamjui mjomba. Alikuja mwenyewe nyumbani, miwani imefungwa waya upande mmoja, akaikamata simu yangu na kuivuta ile picha kwa vidole viwili mpaka ikabaki miraba miraba.

"Mpwa wangu, tazama sikio."

Nikatazama sikio.

"Sikio la nani hilo?"

"La rais, mjomba."

"Ndivyo wanavyotaka useme. Haya, saa ya mkononi inasema saa nne asubuhi. Kivuli cha kalamu je? Hicho kivuli cha alasiri."

Mtu huyuhuyu wiki iliyopita aliingia shimoni na baiskeli, mchana kweupe. Kivuli cha kalamu anakiona.

Haya mambo ya masikio hakuyaanzisha yeye. Mwaka 2017 Muhammadu Buhari wa Nigeria alikaa London kwa matibabu zaidi ya siku 100 mfululizo. Watu wakazusha kwamba amekufa, na aliyerudi ni mtu bandia kutoka Sudan, wakampa na jina kabisa, Jubril. Desemba 2018, akiwa Poland, mzee wa watu akalazimika kusema kwa mdomo wake kwamba ni yeye mwenyewe. Kilichoniuma mimi lakini ni panya. Aliporudi ule mwezi Agosti, msemaji wake alieleza kwamba atafanyia kazi nyumbani kwa sababu panya wameharibu samani na kiyoyozi ofisini. Taifa likaambiwa panya, likaelewa. Mimi niliwahi kusema fomu zimeliwa na panya nikapewa barua ya onyo, na hao panya bosi anawajua kwa sura.

Wengine hata mtu bandia hawahangaiki naye. Abdelaziz Bouteflika wa Algeria alipopata kiharusi mwaka 2013 akawa haonekani hadharani ila kwa nadra, basi hafla zikawa zinafanyika mbele ya picha yake kwenye fremu. Fremu inabebwa, inapewa heshima, na kuna siku ilizawadiwa farasi. Farasi mzima, na kwato zake, anakabidhiwa fremu! Wazo likanijia. Nikamwambia mama watoto kwamba kikao cha wazazi shuleni Jumamosi apeleke ile picha yetu ya ukutani, mimi nijipumzikie. Akasema sawa, picha angalau haisinzii.

Ila bingwa wao alikuwa Turkmenistan. Mwaka 2019 uvumi ulienea kwamba rais Gurbanguly Berdimuhamedov amefariki. Televisheni ya taifa ikamwonyesha anaendesha gari, analizungusha kwa vumbi kando ya shimo la gesi la Darvaza, lile linalowaka moto miaka nenda rudi, ambalo watu wanaliita Mlango wa Jehanamu. Yaani mtu anataka kuthibitisha hajafa, anakwenda kupigia picha pale mlangoni! Nilimwonyesha mjomba. Alitazama mara tatu, akasema dereva haonekani vizuri.

Huwezi kumshinda. Aprili 2020 Kim Jong Un wa Korea Kaskazini alikosekana kwenye sherehe ya kuzaliwa babu yake, na kwenye kundi letu tukamzika, tukabishana hadi mrithi. Mwanzoni mwa Mei huyo hapo, anakata utepe kwenye kiwanda cha mbolea. Nilingoja mtu aombe radhi. Wakahamia kwenye alama iliyoonekana mkononi mwake.

Nilidhani dawa ni kuwafungia midomo. Oktoba 2024 Kameruni walijaribu. Paul Biya, miaka 91, alikuwa haonekani tangu alipokwenda China mwanzoni mwa Septemba, serikali ikapiga marufuku vyombo vya habari kujadili afya yake. Akarudi Oktoba 21, akashuka kwenye ndege. Lakini kabla hajarudi, mjomba alikuwa ameshaniuliza: "Kama mzima, marufuku ya nini?" Nikatafuta jibu, nikalikosa, nikajifanya nakohoa.

Na kinachonikera zaidi, kuna siku mjomba anapatia. Mwaka 2021 Rais John Magufuli wa Tanzania alionekana hadharani Februari 27, kisha kimya. Machi 12 Waziri Mkuu akasema rais ni mzima na anaendelea na kazi. Polisi wakakamata watu kwa madai ya kueneza uvumi kwamba anaumwa. Machi 17 usiku, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza msiba. Hapo sicheki. Ila tangu usiku ule, mwambie mjomba "yuko salama" uone anavyovua miwani taratibu na kuifuta.

Mimi sidai faili la hospitali. Mkubwa naye ana utumbo, ana haki ya kusitiri ya kwake. Mistari miwili tu: anaumwa, anapumzika, fulani anashika nafasi. Bosi wangu angekataa karatasi ya namna hiyo, lakini mjomba angerudi kwenye redio zake na simu yangu ingekaa na chaji mpaka jioni.

Basi jana, tumbo likiwa bado halijatulia vizuri, nikajifungia chooni na simu. Sema ukweli, tumbo lilichukua dakika tano. Zilizobaki nilikuwa nasikiliza sauti mpya ya yule wa jogoo. Nje nikasikia minong'ono. Mama watoto anasema nimeingia siku nyingi. Mtoto wetu mkubwa anasema maji hayajasikika. Shemeji, aliyekuja kuazima ngazi, anasema alimwona mtu kama mimi akipita dirishani, ila mfupi kidogo.

Simu ya mama watoto ikaita. Kitinda mimba akaiwahi, nikamsikia amekaza sauti kama wa kwenye taarifa ya habari:

"Shikamoo bosi. Baba yuko salama, anachapa kazi."

Kimya kidogo.

"Chooni."