Wapo, Ila Majina Yao Hayaandikwi

Kuna maneno nimechoka kuyasikia hapa Kampala kila panapotajwa vibonzo: "Tungependa sana kuwapa wanawake nafasi, lakini hawapo." Yanasemwa kwa upole, tena na watu wasio na nia mbaya. Wahariri wanasema, waandaaji wa maonyesho wanasema, hata wachoraji wenzetu wa kiume tunaokaa nao meza moja wanasema. Mimi ni mwanamke, nachora vibonzo na hadithi za picha, na wenzangu nawajua. Yupo anayechora Bombo nyuma ya kaunta ya duka la mama yake. Yupo mwalimu wa shule ya msingi kule Arua anayeshika kalamu watoto wake wakishalala. Wapo mabinti wa sanaa pale Makerere wenye mkono ambao na mimi nautamani. Tupo. Tunachokosa ni muda usiokatizwa, na jina chini ya picha.

Nianze na muda, maana asiyechora hajui kazi hii inavyokula saa.

Msomaji anaumaliza ukurasa wa hadithi ya picha kwa dakika moja, halafu anafunua mwingine. Kwa mchoraji, ukurasa huo wenye visanduku sita ni kazi ya siku. Kwanza unaandika mazungumzo, ukiyapunguza mpaka yabaki yale tu ambayo picha haiwezi kuyasema. Halafu unauchora ukurasa mzima kwa udogo kwenye karatasi chakavu, uone jicho la msomaji litaingilia wapi na kutokea wapi. Ndipo uje kwenye penseli, kisha maneno, kisha wino, na mwisho rangi. Maneno lazima yatangulie wino, na hapa Kiswahili kina taabu yake: vitenzi vyetu ni virefu. Mhusika akitaka kusema "nitakapowarudishia", ama unafinya herufi mpaka bibi yangu hawezi kusoma, ama unatanua puto la maneno mpaka linamfunika msemaji. Mara nyingi naanza kisanduku upya kwa ajili ya neno moja.

Halafu kuna ugumu wa kumfanya mtu abaki yuleyule. Picha moja nzuri wengi wanaiweza. Kumchora mtu mmoja mara mia, akiwa amesimama, ameinama, amelia, ameonekana kwa mgongo, na bado msomaji amtambue bila kusita, hapo ndipo wengi huangukia. Chukua mama aliyevaa gomesi, vazi la heshima la wanawake wa Uganda, amepanda boda upande upande kutoka Kalerwe. Mabega ya gomesi yamechongoka. Shingoni kuna vifungo viwili, vyote upande wa kushoto. Mshipi mpana umefungwa chini ya kiuno na ncha zake zinaning'inia mbele. Akikaa upande upande, kitambaa kinajikunja magotini na kunyooka chini, na ncha za mshipi zinapeperuka. Mkono mmoja ameshika kiti, mwingine umekumbatia mkoba. Kisanduku kinachofuata unamtazama kwa mbele. Kinachofuata boda imeingia kwenye shimo na mama ameruka juu. Mikunjo yote inabadilika, lakini vifungo lazima vibaki kushoto na mshipi lazima ubaki na upana uleule. Ukikosea, mwanamke anayelivaa vazi hilo atajua mara moja kwamba hukuwahi kumwangalia vizuri.

Na wengi hawakumwangalia. Mama wa gomesi katika vibonzo vyetu vingi ni wa kuchekwa tu: makalio makubwa, sauti kubwa, mkono umeinua mwiko, mume anakimbia. Vazi lenyewe limechorwa kama gunia. Linaniuma, kwa sababu huyo ni mama yangu na shangazi zangu, na sijawahi kumwona mmoja wao akifanana na hicho kitu.

Kazi ya aina hii inataka saa zilizoungana. Ukishaanza wino huwezi kuinuka kila robo saa, maana mkono unapoa na mstari unatoka mwingine. Sasa tazama nyumba zetu. Mwanamume akifunga mlango akasema anafanya kazi, nyumba inanyamaza. Mwanamke akifunga mlango, anapigiwa hodi aulizwe chumvi iko wapi. Mgeni akija, yeye ndiye wa kupika. Mtoto akiumwa, yeye ndiye wa kwenda kliniki. Akirudi mezani usiku, umeme umekatika. Vifaa angalau vimekuwa nafuu, na siku hizi kuna programu za kuchorea kama Krita zisizolipiwa hata shilingi. Lakini hakuna programu ya kumpa mtu saa nne za kimya.

Kila ninapowaza jambo hili namkumbuka Rosemary Karuga. Alizaliwa Kenya, akaja Makerere miaka ya mwanzo ya 1950, akawa mwanamke wa kwanza kusoma katika shule ya sanaa, shule iliyoasisiwa na mwanamke, Margaret Trowell, mwaka 1937 na mpaka leo ina jina lake. Alipohitimu, Karuga alirudi kwao akafundisha kwa miongo kadhaa. Aliirudia sanaa kwa nguvu baada ya kustaafu, mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa kuwa rangi zilikuwa ghali, alikata karatasi za vifungashio vya sabuni na unga akazibandika zikawa picha za kuku, za wanawake, za maisha ya kijijini. Sifa ikampata uzeeni. Alifariki mwaka 2021.

Karuga hakuwa mchora vibonzo, lakini maisha yake ni ya kila mchoraji wa kike ninayemjua. Watu huyasimulia kama hadithi tamu ya subira. Mimi siuoni huo utamu. Nikifikiria yale makumi ya miaka aliyokuwa na mkono ule na macho yale bila nafasi ya kuvitumia, nahesabu picha ambazo Afrika Mashariki haikuzipata na haitazipata.

Sasa jina. Miaka kadhaa iliyopita shirika moja liliniomba nichore kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Nilichora kila ukurasa, nikaandika mazungumzo kwa Kiswahili, nikapaka rangi. Kilipochapwa, jaladani palikuwa na nembo ya shirika, nembo za wafadhili, na jina la daktari aliyekihakiki. Langu halikuwepo popote. Nilipouliza, nikajibiwa kwa adabu kwamba huo ndio utaratibu. Kijitabu hicho kimezunguka kwenye vituo vya afya, akina mama wamekisoma, lakini mtu akitafuta kazi za wanawake wachoraji wa Uganda hataniona humo. Sehemu kubwa ya kazi zetu hupotelea hivyo. Wanawake wengi tunapata riziki kwenye vijitabu vya afya, mabango ya kampeni na vitabu vya watoto, na huko ndiko desturi ya kutaja mchoraji ilipo dhaifu kabisa. Anayechora kibonzo cha siasa gazetini anaweka sahihi yake kila siku kwenye kona ya picha. Anayechora jinsi ya kunyonyesha anaambiwa sahihi inaharibu mpangilio.

Hata nikienda mwenyewe Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kuchapisha, fundi huangalia kurasa, akasifu, kisha akauliza: "Dada, mzee aliyechora mbona hakuja mwenyewe? Rangi hizi inabidi tuongee naye." Namwambia mchoraji ni mimi. Anacheka kidogo, anaangalia tena kurasa, ndipo anaanza kuongea na mimi kuhusu rangi. Ni mtu mwema na anafanya kazi safi. Ila picha yake ya mchoraji haina sura yangu.

Msidhani haya ni ya Uganda peke yake. Miaka ya 1860 na 1870 huko London, jarida la Judy lilikuwa na mhusika maarufu aitwaye Ally Sloper, mmoja wa wahusika wa kwanza kabisa wa kurudi toleo baada ya toleo katika historia ya vibonzo. Aliyemchora kwa miaka mingi ni mwanamke, Marie Duval. Baadaye sehemu kubwa ya kazi yake ilihesabiwa kuwa ya mumewe, Charles Ross, aliyemwanzisha mhusika huyo. Marekani, aliyeanzisha hadithi ya picha ya Brenda Starr mwaka 1940 alizaliwa Dalia Messick, akajiita Dale kwa sababu wahariri walizirudisha kazi zenye jina la kike. Mwaka uliofuata June Mills akachapisha kisa cha shujaa wa kike akitumia jina Tarpé, lisilojulikana ni la mume au la mke. Yaani mwanamke anafuta jina lake mwenyewe ili picha zake zipate kuishi, halafu vizazi vinavyofuata vinauliza wanawake walikuwa wapi.

Anayenigusa kuliko wote ni Jackie Ormes. Alikuwa Mmarekani mweusi, na mwaka 1937 gazeti la watu weusi, Pittsburgh Courier, lilianza kuchapisha hadithi yake ya Torchy Brown, binti wa Mississippi aliyefunga safari kwenda New York kuimba na kucheza. Kuanzia 1945 hadi 1956 alimchora Patty-Jo, mtoto mdogo mwenye ulimi mkali kuhusu ubaguzi na siasa, huku dada yake mkubwa akisimama pembeni bila kutamka neno. Wakati magazeti ya Wazungu yaliwachora wanawake weusi kama vijakazi wa kuchekwa, Ormes aliwavalisha nguo nzuri na kuwapa akili. Shirika la upelelezi la FBI lilimfungulia faili. Ugonjwa wa viungo ndio uliomzuia kuchora, na alifariki mwaka 1985. Aliingizwa katika Eisner Hall of Fame, safu ya heshima ya watu wa vibonzo huko Marekani, mwaka 2018. Miaka 33 kaburini.

Na bado hatujafika mbali. Mwaka 2016 tamasha la Angoulême huko Ufaransa, ambalo ni kubwa mno katika fani hii, lilitoa orodha ya majina 30 ya kuwania tuzo yake kuu. Mwanamke hakuwemo hata mmoja. Walipoulizwa, wakajibu kwamba historia ya vibonzo ina wanawake wachache. Ni maneno yaleyale ya Kampala! Wachoraji wa kike waliitisha mgomo, na baadhi ya wanaume waliokuwemo, Riad Sattouf wa kwanza wao, wakaomba majina yao yafutwe. Tangu hapo tuzo hiyo imekwenda kwa Rumiko Takahashi wa Japani mwaka 2019, Julie Doucet wa Kanada mwaka 2022, Posy Simmonds wa Uingereza mwaka 2024. Hawa hawakuibuka ghafla. Takahashi alikuwa anachapisha tangu miaka ya 1970. Kilichobadilika ni macho ya waliokuwa wakipiga kura.

Kwetu, mtu akisema vibonzo, tunataja Juha Kalulu wa Edward Gitau, Bogi Benda wa Mganda mwenzetu James Tumusiime, Akokhan wa Frank Odoi, na vibonzo vya siasa vya Gado. Nawaheshimu kwa dhati, nao ndio walionifanya nitamani kazi hii. Sitaki hata mmoja apunguziwe nafasi yake. Nataka tu safu iendelee, na majina ya kike yaandikwe sasa, wenyewe wakiwa hai na mikono bado haijaanza kuuma.

Wakati ndio huu. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Watoto wa Uganda watahitaji vitabu vya Kiswahili wanavyoweza kuvifuata hata msamiati ukiwa mdogo, na hakuna kinachomshika mtoto wa namna hiyo kama hadithi ya picha. Vitabu hivyo lazima vichorwe na mtu. Ombi langu kwa wachapishaji na mashirika ni la kawaida: jina la mchoraji likae jaladani pamoja na la mwandishi, na aliyepaka rangi au kuandika maneno atajwe ndani. Malipo yahesabiwe kwa ukurasa, nusu itangulie kabla ya penseli kugusa karatasi, maana hiyo nusu ndiyo inayomlipa dada wa kazi ili mchoraji apate zile saa zake. Na mtu asiombwe tena kuchora bure kwa ahadi ya "kujengewa jina", halafu jina lenyewe lisichapwe.

Kwa upande wangu, nimeanza kukusanya majina ya wanawake wanaochora vibonzo na hadithi za picha Uganda nzima, pamoja na orodha ya kazi walizofanya bila kutajwa. Mwalimu wa Arua amekubali. Yule wa Bombo bado anazungumza na mama yake, na nitamngoja. Ukimjua mwingine, muulize kwanza kama anaridhia, kisha mwambie atume kurasa mbili za kazi yake, zilizochapwa au zilizolala kabatini, zikiwa na jina lake kamili kwenye kona.