Mtumbwi Uliokwenda Peke Yake

Kosa langu la kwanza ni kuaga. Ningeondoka kimyakimya kama mwizi wa kuku, aibu hii ingekuwa yangu peke yangu. Lakini niliwatangazia nyumba nzima pale Mbagala, hadi muuza mihogo wa jioni: nakwenda kushuka mto Rufiji kwa mtumbwi, mwenyewe, kutoka Utete hadi Nyamisati, kule zinakopandiwa boti za Mafia. Daraja la Mkapa, lile la karibu kilomita moja lililofunguliwa 2003, ningepita chini yake nimesimama, kafi begani, abiria wa mabasi ya kusini wakinipungia mkono.

Mzee aliyenikodisha mtumbwi alinitazama viatu kwanza, kisha viganja.

"Mjukuu wangu, upondo unaujua?"

"Nimewahi kuuona."

"Kuuona." Akaguna. Akanikabidhi ule mti mrefu wa kusukumia na wosia mmoja: nikishuka, mtumbwi niuvute nchi kavu, nisiufunge. Siku hizi, akasema, mto unapanda hata mvua isiponyesha. Huko juu kuna bwawa la umeme.

Nikaitikia haraka haraka, kama mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

Asubuhi ile sikushuka mto, nilizunguka. Mtumbwi wa gogo una akili zake: ukipiga kafi kulia unakwenda kushoto, ukipiga kushoto unakuuliza una haraka gani. Maji yakaingia, suruali ikalowa chapachapa, nikaivua nikaianika kwenye omo, kule mbele. Nikabaki na fulana na taulo.

Mbele, penye kona, viboko. Yalionekana masikio na macho tu, kama kumi hivi, wako kikaoni. Nikajisogeza kwenye fungu la mchanga kando ya mto nisubiri wafunge mkutano. Hapo hapo yale maembe mabichi ya Utete yakaanza kudai haki yake tumboni. Nikachomeka upondo mchangani, nikaufunga mtumbwi kwa fundo nililojifunza kwenye simu wiki nzima, nikakimbilia matetini.

Fundo lilikuwa zuri. Hilo naomba lieleweke. Kilichong'oka ni upondo.

Nilipotoka, mtumbwi ulikuwa katikati ya mto, umenyooka kuliko ulivyowahi kunyooka nikiwa ndani, suruali yangu mbele kama bendera, upondo ukiburutwa nyuma. Viboko wale wale wakaupisha. Mmoja alipiga mwayo.

Nikafuata ukingo kwa miguu, taulo nimelishika kwa mkono mmoja, mbu nawapiga kwa mwingine. Nikatokea kwenye shamba la mpunga. Jiwe likapita sikioni, la pili likanipata begani.

"Ngedere we!" Bibi mmoja alikuwa juu ya dungu, anaamia ndege, kombeo mkononi.

"Shikamoo bibi! Mimi mtu!"

"Marahaba." Akanitazama tena, kama vile hajashawishika. "Mtu wa wapi huyo?"

Akanihurumia akanirushia kanga. Nilijifunga kwanza, ndipo nikasoma maandishi: USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO.

Kijijini nikakuta watu wamejaa ufukweni, sauti zimeshuka. Wavuvi walikuwa wameudaka mtumbwi, wakakuta suruali, viatu, na simu kwenye mfuko wa nailoni, inaita. Mwanamume mmoja wa makamo, mstaarabu sana, akapokea. Aliyepiga alikuwa mama yangu. Akamweleza kwa upole kwamba mwenye simu haonekani, ila suruali yake imefika salama.

Nilipopewa simu nikasikia nyuma ya sauti ya mama watu wakivuta turubai.

"Mama, ni mimi. Mzima."

Kimya. Halafu: "Mwanangu, viti hamsini nimeshavikodi."

Daraja la Mkapa nililivuka kesho yake, juu, kwenye basi, nimebanwa na gunia la nazi. Chini mtumbwi mmoja ulikuwa unapita. Sikupunga mkono. Simu ikaita, mzee wa Utete. Nikamwomba radhi kabla hajasema lolote, nikamuuliza kama mtumbwi umerudi.

"Umerudi, na upondo umerudi. Kamba ndiyo wameikata."

"Kwa nini, mzee?"

"Vijana sita wamehangaika na lile fundo tangu jana."

Nikakaa vizuri kwenye kiti. Nikamwambia kamba nitalipa, bei yoyote.