Kandege kadogo Entebbe, kaje au kabaki Kajjansi?

Mtu ana Cessna yake ya viti vinne, anarudi zake kutoka Kisoro au Kidepo, je atue Entebbe, uwanja mkubwa wa Uganda, katikati ya majeti au aende Kajjansi, kiwanja kidogo kati ya Kampala na Entebbe, kwa ndege ndogo wenzake? Wengi watakwambia Kajjansi, mbona hata boda haziruhusiwi kuingia Entebbe Expressway, ile barabara ya magari ya kasi, na kusema kweli wana hoja.

Chukua spidi tu. Cessna 172 ikija kutua iko kwenye noti 65 hivi (noti ni maili ya baharini kwa saa), jeti inakuja na 140, yaani maili 10 za mwisho jeti inazimaliza kwa dakika nne na kidogo, wewe zinakuchukua tisa, na huko nyuma yako kuna abiria zaidi ya 200 wanazungushwa juu ya ziwa, mafuta yanaungua, wanamsubiri mtu mmoja. Alafu kuna ile hewa inayoachwa nyuma na ndege kubwa, inazunguka kwa nguvu na huioni kwa macho. A330 ya Uganda Airlines, jeti kubwa ya abiria, ikijaa inapita tani 240, Cessna haifiki hata tani moja na robo, ikiingia mle inapinduliwa kama karatasi. Ndo maana kandege kanakofuata ndege nzito lazima kakae maili 6 nyuma.

Lakini mimi nikipima bado naona kuwafungia mlango ni kosa, na kosa la hatari. Boda ikikatazwa Expressway ina barabara ya zamani. Rubani ana nini? Kajjansi haina ILS, ile mitambo ya redio inayomwongoza rubani mpaka runwei hata kama haoni nje, na mvua za ziwa tunazijua, zinakuja na radi zinafunika mpaka Kampala, siku hiyo pa kukimbilia ni Entebbe, kuna ILS, kuna taa, kuna runwei ya mita 3,658. Sasa kama hajawahi kutua pale siku tulivu, aende kujifunza siku hiyo, mnara wa kuongoza ndege unaongea haraka haraka, kioo hakioneshi kitu na jeti iko mgongoni? Hapo ndo watu wanakufa jamani.

Na wanaotaka tutenganishe kabisa waangalie Nairobi. Wana JKIA, uwanja wao mkubwa, ya majeti na Wilson ya ndege ndogo miaka na miaka, na bado tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo ikagongana na Dash 8, ndege ya abiria ya mapangaboi, iliyokuwa imetoka tu kuruka hapo Wilson, mwalimu na mwanafunzi wake wakafariki, Dash 8 na watu wake 44 ikarudi salama.

Kwa hiyo waje, ila waje wamejiandaa. Ita mnara mapema, usilenge saa ambazo majeti yanapangana, shikilia noti 90 mpaka karibu ndo upunguze. Nyuma ya jeti kaa juu ya njia yake, ukanyage chini ukishapita pale magurudumu yake yalipogusa, kwa sababu ile hewa inazama, na runwei ni ndefu nafasi ipo. Ukiambiwa zunguka juu ya maji, zunguka. Na wanafunzi wa Kajjansi waletwe Entebbe na walimu wao asubuhi ya jua, mara tatu nne, kabla ya leseni.