Hata ukishalipa, bado unaweza kukataa

Likizo ikikaribia, vikundi vya WhatsApp vya wazazi hapa Nairobi huwa na swali moja: watoto tuwapeleke wapi? Siku hizi wengi wanataka maji. Wanataka kuelea kwa tyubu mtoni pande za Sagana, au kuvutwa na boti ziwani, watoto wakicheka huku wamelowa chapachapa. Siwalaumu hata kidogo. Mtoto anayelala na kuamka ghorofani Pipeline au Kasarani anastahili kuuona mto ulio hai. Kinachonisumbua ni maswali yanayoulizwa kwenye vikundi hivyo: bei ni ngapi, barabara ikoje, nyama choma ipo? La jaketi la kuokoa maisha haliulizwi. Nami nashikilia kwamba usalama wa familia majini huamuliwa mkiwa bado nchi kavu, na mwenye kuamua ni mzazi, wala si kijana anayegawa tyubu.

Nianze na kalenda, maana ndiyo inayotuponza. Likizo ya Aprili iko katikati ya mvua ya masika. Ile ya Novemba na Desemba huangukia mvua ya vuli. Ni Agosti tu tunapopata ukavu, ingawa kwa baridi yake. Kwa hiyo katika likizo tatu za mwaka, mbili tunawapeleka watoto mtoni wakati mto umejaa. Na Mto Tana unaopita Sagana hautegemei mvua ya Sagana. Maji yake yanatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Huko juu kukinyesha usiku, asubuhi unaweza kufika Sagana ukakuta jua na mbingu haina wingu, halafu mto ukapanda mkiwa ndani yake.

Dalili zenyewe ziko wazi kwa mwenye kuzitafuta. Maji yaliyokuwa yakionyesha mawe ya chini yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Vijiti na majani makavu yanaanza kupita kwa wingi. Jiwe uliloliona kavu mlipofika, sasa halionekani. Hapo watoto watoke mara moja, wapande mahali palipoinuka, mazungumzo yafuate baadaye. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 30 yanaweza kusukuma gari dogo. Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya lilisombwa likivuka Mto Enziu kule Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa. Lile lilikuwa basi. Tyubu ni mpira na hewa.

Sasa jaketi. Ukubwa wake hufuata uzito wa mtoto, si umri, na jaketi la maana huwa limeandikwa ndani linabeba kilo ngapi. Mvalishe mtoto, funga vifungo vyote, vuta kamba zikaze, kisha mshike jaketi mabegani umwinue kidogo. Likipanda hadi masikioni na kidevu kikazama ndani, halimfai: majini litabaki likielea na yeye atashuka. Watoto wadogo wanahitaji lenye mkanda unaopita katikati ya miguu. Yale maboya ya mkononi ya rangi rangi tunayonunua supamaketi ni ya kuchezea, hutoka kirahisi mkono ukilowa. Tyubu nayo hupinduka, isihesabiwe kuwa kinga. Utaambiwa, "Usijali mama, maji ni ya magoti." Mjibu kwa upole, "Asante kaka, lakini huyu hapandi bila jaketi linalomtosha." Nawe vaa lako. Mzazi anayezama hamsaidii mtoto.

Hayo maji ya magoti ndiyo hasa yanayonitia hofu. Mtu akianguka mtoni, mwili wake unataka kusimama. Kwenye mkondo wa kasi usisimame. Mguu ukinasa kati ya mawe, maji yanakusukuma kwa nyuma na kukulaza kifudifudi, na hata mtu mwenye nguvu hawezi kuinuka. Lala chali, miguu juu, vidole vikielekea kule mto unakokwenda, ili ukikutana na jiwe miguu itangulie badala ya kichwa, na upige mikono taratibu kuelekea ukingoni. Wafanyishe watoto zoezi hilo wakiwa kwenye nyasi kabla hawajalowa. Watacheka, na watalikumbuka.

Muulize anayewaongoza kama amepita njia hiyo leo, si juzi. Mti ulioanguka usiku huacha maji yapite kati ya matawi, lakini mtu hapiti. Kuta fupi zinazojengwa kukinga maji ni mbaya zaidi, ingawa zinaonekana za upole: maji yanayodondoka hugeuka chini yake na kumzungusha mtu pale pale. Na tafadhali, msifunge tyubu pamoja kwa kamba mtoni ili familia isitengane, wala msimfunge mtoto kwenye tyubu. Kamba ikishika jiwe au tawi, mmenasa wote.

Fourteen Falls, yale maporomoko ya Mto Athi karibu na Thika, nitapita haraka: kaangalieni, pigeni picha, rudini. Mto Athi ukifika pale umeshapokea Mto Nairobi na uchafu wetu wote.

Naivasha najua nitapingwa. Kwa maoni yangu, Ziwa Naivasha si mahali pa tyubu kabisa. Boti sawa, mkiwa na majaketi na mwendeshaji anayeheshimu wanyama. Lakini kiboko hushinda majini mchana, na mtoto aliyekaa kwenye tyubu ananing'iniza miguu ndani ya maji hayo hayo. Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko ufuoni pale Naivasha alipokuwa akipiga picha. Halafu kuna upepo wa alasiri, unaoisukuma tyubu kuelekea katikati ya ziwa haraka kuliko baba anavyoweza kuogelea. Mkienda ziwa jingine lisilo na viboko na boti inavuta tyubu, wawepo watu wawili ndani ya boti, mmoja aendeshe na mwingine asimwondolee mtoto macho. Injini izimwe kabla mtoto hajaikaribia.

Macho hayo yanahitajika pia ukingoni. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu mdomo wake unatafuta hewa. Watu wazima kumi wakiwa pale, kila mmoja hudhani mwenzake anaangalia. Wekeni zamu: mmoja anaangalia, bila simu, bila bia, kisha anampokeza mwingine kwa kumtaja jina. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano.

Kuna suala la pesa, na tuliseme wazi. Umeendesha gari saa mbili, umelipia watu sita, watoto wameshavua viatu, na mto umebadilika rangi. Ni vigumu sana kusema hapana hapo, na wenye biashara wanalijua hilo. Sema. Omba kurudishiwa pesa au kupewa siku nyingine, wakikataa ziache. Watoto watalia mpaka Kenol, njiani kurudi Nairobi.

Na kabla ya safari, angalau watu wazima wawili wajue huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu hufundisha. Mtoto akitolewa majini hapumui, asiminywe tumbo wala asining'inizwe kichwa chini, kama bado inavyofanywa. Anahitaji hewa: mpulizie pumzi tano, kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, tena 30, bila kukoma mpaka apumue au msaada ufike. Mwingine apige 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Hata akizinduka na kuomba soda, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidishia shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.